Simon Nkoli: alishtakiwa kwa uhaini na makaburu, akiwa mahabusu akawaambia wenzake kuwa yeye ni shoga

#1 (mleta uzi)

Wakuu, za jioni.

Huu uzi nimeupiga danadana karibu mwaka mzima kwa sababu najua utakavyopokelewa. Leo nimeamua liwalo na liwe. Nisomeni kwanza mpaka mwisho, matusi hayaozi, mtayakuta palepale.

Niliishi Johannesburg miaka sita, mtaa wa Hillbrow, nikiuza chaja na makava ya simu. Wabongo mliowahi kupita pale mnalijua lile vumbi na zile kelele. Jirani yangu kwenye biashara alikuwa bibi mmoja wa Kisotho, mkaanga magwinya, yale maandazi yao manene yanayokunywa mafuta kama taa ya chemli. Kila akielekeza mteja kona ya Twist na Pretoria alisema "pale kwa Simon". Miezi mingi nilidhani Simon ni mwenye baa.

Siku nimemuuliza akaweka kijiko chini. Akasema Simon ni mtoto wa kwetu Sebokeng, aliwekwa ndani pamoja na Lekota. Lekota nilimjua, si ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Afrika Kusini? Nikasema basi huyo Simon naye alikuwa mkubwa kwenye chama. Bibi akatikisa kichwa: "Simon alikuwa shoga. Na alikuwa wetu." Akarudi kwenye karai lake. Mimi nikabaki nimeshika chenji ya watu mkononi.

Nimekulia Morogoro. Wazee wetu walifanya kazi Mazimbu, kwenye ile shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, ambayo sasa ni kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo. Nyimbo za wakimbizi wa Afrika Kusini tulizijua kabla hatujajua maana yake. Nikajiuliza: imekuwaje kwenye hadithi zote za kijiweni kuhusu makaburu huyu mtu sijawahi kumsikia hata kwa bahati mbaya? Nikaanza kusoma.

Jina lake kamili Tseko Simon Nkoli. Alizaliwa Soweto tarehe 26 Novemba 1957. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Free State kwa babu na bibi yake, waliokuwa wakiishi na kutumika kwenye shamba la mzungu, na yeye alitaka shule, si jembe la mtu. Akarudi mjini kwa mama.

Sasa hapa kuna jambo moja nataka mlishike, maana ndilo lililonifanya nishindwe kulala. Enzi zile Mwafrika kuishi mjini kulihitaji kibali. Huna pasi iliyogongwa muhuri sahihi, polisi wanakuzoa. Wazazi wake hawakuwa na ruhusa ya kuishi pale walipokuwa wakiishi. Polisi walipokuja kugonga, mtoto Simon ndiye aliyewafungia wazazi wake ndani ya kabati la nguo, kisha akabaki yeye kukabiliana na wenye bunduki. Hebu fikiria, mkuu. Mama yako amekunjwa katikati ya makoti, anazuia kikohozi, na wewe mtoto unatakiwa uso wako usiseme kitu.

Alipokuwa mtu mzima aliandika kisa hicho mwenyewe. Akasema, kwa maneno yangu, kwamba ukiwa mweusi Afrika Kusini sheria za makaburu zinakufungia kabatini, na ukiwa shoga mila na sheria za jamii zinakufungia kabatini tena. Yeye alikuwa yote mawili.

Nitaendelea. Ngoja niweke simu chaji.

#2

Nimeweka kambi hapa. Chai na kashata mezani.

#3

Mleta uzi, na heshima zote: haya ni mambo ya wazungu. Mzungu alikuja na Biblia mkono mmoja, sasa kaja na haya mkono mwingine. Huyo Simon wako alifundishwa.

#4

Mkuu #3, muache amalize basi. Uzi hata haujachemka umeshaepua.

#5 (mleta uzi)

Mkuu #3, nilijua utakuja na nimekuandalia.

Tuanze na sheria. Sheria iliyomfanya Simon mhalifu kwa mapenzi yake ililetwa Afrika Kusini na Waholanzi. Ni sheria ya Kirumi na Kiholanzi, imetua Cape kwa merikebu. Makaburu wakaiongezea vya kwao. Januari 1966 polisi walivamia sherehe ya wanaume kwenye kitongoji cha wenye nazo, Forest Town, Johannesburg. Taharuki ikafika bungeni, na mwaka 1969 wakatunga kifungu kinachowakataza wanaume kufanya chochote cha kuamsha ashiki kati yao wakiwa kwenye "sherehe". Na sherehe ni nini? Sheria ikafafanua: mahali popote penye watu zaidi ya wawili. Yaani watatu tayari ni sherehe. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Kwetu je? Hivi vifungu tunavyovipigania utadhani tulirithi kwa mababu vililetwa na Mwingereza, mizizi yake ni ile kanuni ya adhabu aliyoiandikia India mwaka 1860. Sisemi hapa uvipende au uvichukie. Nasema tu mhuri wa kiwandani unasomeka.

Halafu "alifundishwa". Mama yake alipojua, alifanya ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya. Alimzungusha kwa waganga. Kwa padri pia. Mwisho akapelekwa kwa mwanasaikolojia, na yule mwanasaikolojia, kwa mshangao wa familia nzima, naye akawa shoga! Nadhani mama alichoka siku hiyo.

Ni kweli mpenzi wake wa wakati huo alikuwa mzungu, dereva wa basi, walijuana kwa barua. Ila tazama maisha yenyewe. Mweusi haruhusiwi kuishi eneo la wazungu isipokuwa ni mtumishi. Kwa hiyo Simon ilibidi ajifanye boi wa nyumba ya mtu anayelala naye kitanda kimoja. Mgeni akija, anashika ufagio.

#6

Duh.

#7

Mkuu neno "shoga" mbona unalitumia hivi hivi? Kuna wanaolichukulia ni tusi.

#8 (mleta uzi)

Swali zuri. Bibi yangu wa Tanga alimwita rafiki yake wa utotoni "shoga" mpaka anaingia kaburini, na hakuna aliyeshtuka, maana pwani wanawake ndivyo wanavyoitana. Neno lilianza na urafiki. Mengine yanayotumika mitaani ndiyo matusi hasa, na hapa sitayaandika. Nkoli mwenyewe alijitaja waziwazi kwa lugha zake, nami nimechukua neno ambalo kila msomaji wa humu analielewa bila kamusi.

Tuendelee.

Simon aliingia kwenye siasa za wanafunzi akiwa kijana. Alikuwa COSAS, umoja wa wanafunzi uliowanyima makaburu usingizi, na alikuwa katibu wao ngazi ya Transvaal. Habari zake zilipotoka wenzake wakaitisha kikao: huyu abaki au aondoke? Wakajadili, wakapiga kura, wengi wakasema abaki. Hawa walikuwa vijana wa miaka ya themanini mwanzoni, wa lokesheni, yaani mitaa waliyotengewa weusi, tena wenye mabomu ya machozi mlangoni.

Upande wa pili alijiunga na GASA, chama cha mashoga kilichoanzishwa 1982. Wanachama karibu wote wazungu. Wao walijiita chama kisicho na siasa. Unaweza kucheka hapo, kwa sababu kumbi walizokutania na baa walizonywea mweusi haingii. Simon akaona isiwe tabu: mwaka 1984 akaanzisha kundi la weusi ndani ya chama hichohicho, likaitwa Kundi la Jumamosi, kwa vile Jumamosi ndiyo walikuwa wanakutana.

Mwaka huohuo moto ukawaka Vaal.

#9

Vaal ndiyo wapi?

#10 (mleta uzi)

Kusini ya Johannesburg, pembetatu ya viwanda: Sebokeng, Sharpeville, Evaton, Boipatong. Ni kwao Simon, na ni kwao yule bibi wa magwinya.

Tarehe 3 Septemba 1984 ilikuwa siku ya kuanza kutumika ile katiba mpya ya makaburu, iliyowapa machotara na Wahindi vyumba vyao vya bunge na Waafrika wakaachwa nje kama mbwa wa geti. Siku hiyohiyo ikawa ya watu wa Vaal kugomea kodi ya nyumba, baada ya halmashauri kupandisha randi 5 na senti 90 kwa mwezi. Msione ndogo. Bibi aliniambia: "Tulikuwa tumeshakata nyama, tukakata sukari. Hizo randi tano tukate nini, watoto?" Watu wakatoka. Damu ikamwagika, ya wananchi na ya madiwani pia. Naibu meya aliuawa mbele ya nyumba yake Sharpeville.

Wiki tatu baadaye, siku ya mazishi huko Sebokeng, Simon akakamatwa. Kuanzia hapo ni mahabusu bila mashtaka mpaka katikati ya 1985, ndipo mashtaka yakatangazwa: uhaini. Adhabu yake inaweza kuwa kitanzi.

Washtakiwa walikuwa 22. Humo wamo Popo Molefe, Patrick Lekota yule wanayemwita Terror kwa sababu ya soka lake, na Moss Chikane, vigogo wa UDF, muungano wa vyama uliokuwa ukifanya kazi ya ANC waziwazi wakati ANC yenyewe imepigwa marufuku. Kesi ikapelekwa Delmas, kamji kadogo ka mahindi, mbali na waandishi na mbali na umati. Mawakili wao ni George Bizos na Arthur Chaskalson. Jina la Chaskalson mliweke mfukoni, nitalirudia.

#11

Haya sasa, kuhusu gerezani. Maana umetuahidi kwenye kichwa cha habari.

#12 (mleta uzi)

Mkuu hapa ndipo penyewe, tulia.

Watu 22 wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanakaa kizimba kimoja, kesi inaenda miezi na miaka. Siku moja likazuka suala la mfungwa aliyehusishwa na mapenzi na mwanamume mwenzake. Washtakiwa wenzake na Simon wakaanza kulaani: aibu, uchafu, anatuharibia harakati. Simon angeweza kunyamaza. Alikuwa na sababu zote duniani za kukaa kimya, mtu anayekabiliwa na kitanzi hahitaji vita ya pili.

Akasema. Kwamba mnayemlaani ni mimi.

Ukumbi ukageuka. Kuna waliosema huyu ashtakiwe peke yake, atengwe na sisi, kwa sababu mwendesha mashtaka akilijua hili atatupaka tope wote. Hoja yao kisheria haikuwa ya kijinga, tuwe wakweli. Mwendesha mashtaka yeyote angelitumia. Wakabishana siku na siku. Watu wa siasa wakibishana mnawajua: hoja, taarifa, mwongozo wa mwenyekiti, wote wako mahabusu.

Mwishoni wakakubaliana: tumeingia pamoja, tutatoka pamoja.

Baada ya miaka, Lekota alilieleza hadharani. Alisema, nami nafupisha, tungewezaje kuwaambia watu kama Simon, waliotia bega lao kwenye gurudumu la kuuondoa ubaguzi, kwamba sasa wao wabaguliwe? Molefe naye alikiri kuwa kuishi na Simon mle ndani ndiko kulikombadilisha. Hawa hawakubadilishwa na semina ya hoteli yenye posho. Walibadilishwa na mtu aliyekuwa akigawana nao sabuni.

Wakati huo GASA wako wapi? Kimya. Mwanachama wao yuko ndani kwa uhaini, wao "hatuna siasa". Dunia ya nje ndiyo iliyopiga kelele. Toronto waliunda kamati ya kupinga ubaguzi wa rangi yenye jina lake, kadi za Krismasi zikamiminika gerezani kutoka kwa watu asiowajua. Mwaka 1987 shirikisho la kimataifa la mashoga na wasagaji, ILGA, likawafukuza GASA, na ukimya wao juu ya Simon ulikuwa sababu mojawapo. Chama kikafa.

Mkuu #3, umeona? Wazungu wa chama chake walimtelekeza. Waafrika wa kizimba chake wakabaki naye.

#13

Hapo umenipiga chenga ya mwili, nakiri. Lakini ANC yenyewe iliyokuwa huku kwetu ilisemaje? Maana Morogoro, Lusaka, London walikuwa na msimamo kwa kila kitu.

#14 (mleta uzi)

ANC walikuwa hawajajipanga kabisa. Mwaka 1987 huohuo Ruth Mompati, mama wa heshima kubwa kwenye chama, alihojiwa London. Akasema anatumaini Afrika Kusini huru itakuwa na watu wanaoishi maisha ya kawaida, na kwamba mashoga si watu wa kawaida. Kelele zikalipuka Ulaya nzima kwa wafuasi waliokuwa wakichangia harakati. Ikabidi Thabo Mbeki, aliyekuwa akisimamia habari na uenezi, aandike barua kwamba ANC imekusudia kuondoa kila aina ya ubaguzi, na kusudio hilo linawahusu mashoga pia.

Msiniulize kama Mbeki aliandika kwa moyo au kwa kuokoa michango. Nadhani vyote. Barua ikishaandikwa imeandikwa, na watu kama Simon walijua kumshika mtu kwa barua yake.

Novemba 1988 hukumu ikatoka. Lekota, Molefe na Chikane walitiwa hatiani, wakafungwa, mpaka mahakama ya rufani ilipowatoa Desemba 1989. Simon aliachiwa huru.

Mwaka huohuo wa 1988, yeye na wenzake wakaanzisha chama kingine Johannesburg, GLOW, cha mashoga na wasagaji wa rangi zote. Alikuwemo binti wa Soweto, Beverley Ditsie, ambaye mwaka 1995 alisimama kwenye mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa kule Beijing akawasemea wasagaji mbele ya dunia. Na tarehe 13 Oktoba 1990, miezi minane baada ya Mandela kutoka, wakaandamana barabarani Johannesburg. Ndiyo maandamano ya kwanza ya namna ile Afrika. Watu kama 800. Waandaaji walikuwa na mifuko ya karatasi iliyotobolewa macho, kwa ajili ya wale wanaotaka kutembea lakini kazini wasijulikane. Kwa hiyo vuta picha: mstari wa watu, wengine wamebeba mabango, wengine wamevaa mifuko ya karatasi vichwani kama mahindi ya kuchoma.

Simon alihutubia akiwa uso wazi. Alisema yeye ni mweusi na ni shoga, na hawezi kuzigawa hizo sehemu mbili kuwa mapambano ya kwanza na ya pili, kwake ni moja.

#15

Mimi ni mtu wa msikitini na msimamo wangu haujabadilika, naliweka wazi. Lakini kitendo cha kusema ukweli mbele ya watu 21 ambao maisha yako yako mikononi mwao, hicho naomba nikiheshimu. Endelea, sheikh.

#16 (mleta uzi)

Shukrani mzee wangu. Sikuleta uzi ili mtu abadilishe dini.

Kipande cha katiba. Katiba ya mpito ya 1993 iliweka "mwelekeo wa kijinsi", yaani mtu anavutiwa na jinsia gani, kwenye orodha ya mambo ambayo mtu habaguliwi kwayo. Katiba ya kudumu ikabakiza, ni kifungu cha 9. Ya kwanza duniani. Si Uholanzi, si Marekani. Haikudondoka kutoka mbinguni: mwaka 1994 vyama vya mashoga viliungana kuwa muungano mmoja wa kulinda maneno hayo, Simon akiwa humo, na viongozi waliotakiwa kushawishiwa wengine ndio walewale wa Delmas. Molefe wakati huo alikuwa waziri mkuu wa jimbo la North West. Lekota alikuwa wa Free State. Unamshawishi mtu uliyegombana naye gerezani mkayamaliza, kazi inakuwa nyepesi.

Mandela aliisaini katiba hiyo tarehe 10 Desemba 1996, na mahali alipochagua ni Sharpeville. Nyumbani kwa akina Simon, kilometa chache tu.

Tarehe 9 Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba ikafuta sheria ya kulawiti kwa watu wazima waliokubaliana, na ule upuuzi wa "sherehe" ukaenda nao. Rais wa mahakama ile alikuwa nani? Toeni jina mfukoni: Arthur Chaskalson.

Simon alikuwa hai kuiona hukumu. Alibakiwa na wiki saba.

#17

Alikufa na nini?

#18 (mleta uzi)

Ukimwi. Tarehe 30 Novemba 1998, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 41, kesho yake ni Siku ya Ukimwi Duniani. Alikuwa ameishi na virusi miaka kama 12, na alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kule kusema hadharani kuwa anavyo. Alifanya kazi Soweto kwenye mradi wa Ukimwi wa lokesheni, anazunguka nyumba kwa nyumba. Baadaye akaanzisha kundi la wanaume Waafrika wenye virusi, wakutane, wazungumze, waache kufa kimyakimya.

#19

Naomba nichangie hapa. Nimekuwa muuguzi tangu 1995, wodi ya wanaume, mkoani, sitasema wapi. Vijana wenzangu mnaozungumzia ARV kama panadol hamjui. Miaka ile dawa zipo duniani, sisi tunampa mgonjwa aspirini na uji. Ndugu wanauliza "daktari, hakuna sindano?" na wewe unajua kuwa ipo dawa, Ulaya wanaimeza, hapa ni mali ya waziri au mfanyabiashara. Nimefunika wengi. Huyo Simon kufa 1998 naelewa kabisa alivyokufa.

#20 (mleta uzi)

Dada yangu, asante. Umelisema kuliko ambavyo ningelisema.

Na kifo chake ndicho kilichowasha jambo linalotugusa hata sisi. Zackie Achmat, mwanaharakati mwenzake wa muungano ule, naye shoga, naye ana virusi, alikasirika kupita kiasi kwamba mtu kama Simon afe wakati dawa zipo madukani kwa bei ya gari. Siku kumi baada ya kifo, tarehe 10 Desemba 1998, kikundi kidogo kikakaa kwenye ngazi za kanisa kuu la St George's, Cape Town, wanafunga kula na kukusanya saini. Ndiyo TAC ikazaliwa, chama cha kudai dawa za Ukimwi. Wale wa fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani kwa herufi kubwa kuwa nina virusi, mtakuwa mmeziona kwenye picha. Achmat alikataa kumeza ARV mwenyewe mpaka zipatikane hospitali za umma.

Makampuni 39 ya dawa yalikuwa yameishtaki serikali ya Afrika Kusini ili izuiwe kuleta dawa za bei nafuu. Aprili 2001 yakafuta kesi kwa aibu. Mwaka 2002 TAC ikaishinda serikali yenyewe mahakamani, akina mama wajawazito wapewe nevirapine, dawa ya kuzuia mtoto asiambukizwe. Na serikali hiyo ilikuwa ya Thabo Mbeki, yule wa barua ya 1987, aliyekuja kutilia shaka kwamba virusi ndivyo vinavyoleta Ukimwi. Mtu mmoja huyohuyo.

#21

Sasa mkuu, usitupambie. Afrika Kusini hiyohiyo wasagaji wanabakwa na kuuawa. Katiba iko kwenye makaratasi.

#22 (mleta uzi)

Sipambi. Eudy Simelane, mchezaji wa zamani wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya soka ya wanawake, alibakwa na kuuawa KwaThema mwaka 2008, si mbali na kwao. Februari 2025 imamu Muhsin Hendricks, aliyejitangaza shoga miaka mingi, alipigwa risasi ndani ya gari huko Gqeberha. Nilipoishi Hillbrow niliona dada mmoja akifukuzwa na wahuni barabarani mchana kweupe, maduka yamefunguliwa, watu tunaangalia. Mimi nikiwemo. Nilishika chaja zangu.

#23

Huku Kenya tulijaribu kortini. 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuondoa kifungu cha 162, kile kinachoharamisha mapenzi ya wanaume. Nilikuwa nje ya korti siku hiyo nikingoja matatu, watu wanalia upande huu, wengine wanaimba mapambio upande ule. Wiki mbili na ushei baadaye Botswana wakaondoa yao. Majirani wa huyo Simon wako.

#24

Mimi swali langu dogo. Ile kona uliyosema, jina ni rasmi au ni bibi tu?

#25 (mleta uzi)

Ni rasmi. Mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kona ya Twist na Pretoria ilipewa jina la Simon Nkoli. Wapita njia wengi hawajui, wanajua tu pana daladala na pana vibaka.

Halafu kuna hili la tarehe. Sheria ya Afrika Kusini iliyoruhusu watu wa jinsia moja kufunga ndoa ilianza kutumika 30 Novemba 2006. Rudi juu uangalie alikufa lini.

#26

Walipanga?

#27 (mleta uzi)

Hapana. Mahakama ya Katiba ilikuwa imewapa bunge mwaka mmoja, mwisho 1 Desemba 2006. Wabunge wa kule ni kama wa kwetu tu, walingoja mpaka dakika ya tisini.

#28

😂😂 Nje ya mada mkuu: bado unauza chaja?

#29 (mleta uzi)

Niliacha. Sasa nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Msamvu. Bibi wa magwinya alinifundisha kuyapika, wife anauza asubuhi mbele ya duka. Njoo saa moja, saa mbili yameisha.